Kahawa Aliyoimimina Hija

Enzi ya Sayyid Barghash, miaka michache kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao mjini Bagamoyo, hapakuwa na mtu aliyeijua sandarusi kama Hija bin Rajabu. Wenyeji waliiita jiwe, ingawa si jiwe: ni utomvu wa miti iliyokufa zamani, uliozama ardhini ukakaa humo hata ukawa mgumu, wenye rangi ya asali. Wakwere na Wazaramo waliichimba huko bara, wakaileta mjini kwa makanda. Wenye maduka waliimwaga mbele ya Hija, naye, miguu kaikunja, akaichagua kipande baada ya kipande tangu asubuhi hadi alasiri.

Adui wa kazi hiyo alikuwa chakazi, yaani sandarusi changa isiyokaa ardhini miaka ya kutosha. Kwa macho, chakazi hung'aa sawa na iliyokomaa, na pengine ikaipita. Lakini ukiifumbata kiganjani kwa kitambo, ukaipa joto la mwili, huanza kunata. Hija hakuwa na pupa. Alifumbata, akangoja, akafumbua. Katika miaka ishirini na miwili, hakuna mwenye duka aliyemrudishia hata kipande kimoja.

Ungedhani mtu mwenye subira ya namna hiyo asingeweza kuharibiwa na karata. Lakini binadamu hana subira moja. Anazo nyingi, na nyingine huziacha kazini.

Karata zilichezwa barazani kwa mzee Mbaruku, muuza kahawa, nyuma ya soko. Mchezo wao ulikuwa wahedi wa sitini. Kila mchezaji hushika karata tatu, hula au huliwa, kisha huokota nyingine kutoka kwenye fungu. Kila karata ina hesabu yake: ree ni kumi na moja, seti ni kumi, mzungu wa nne ni nne, na kadhalika. Hesabu zote ni mia na ishirini, kwa hiyo anayefikisha sitini na moja ndiye mshindi. Rangi moja huwa turufu, nayo hula nyingine zote.

Walichoshindania hakikuwa mali. Vilikuwa vijipande vya sandarusi vyenye ukubwa wa ukucha, ambavyo wenye maduka waliwaachia wachaguzi wakawashie moto. Kila mchezaji alikuwa na kifuu chake cha nazi, kimewekwa pale pale barazani. Imamu wa mtaa alipowakemea kwamba kamari ni kamari, walimjibu kwa adabu kwamba vipande vile havijazi hata kiganja cha mtoto. Imamu akawauliza kama nguruwe mdogo si nguruwe. Walicheka, wakaendelea.

Baraza ile ilikuwa na kawaida yake. Mtu alitazama kwanza karata zake tatu, ndipo akaweka. Kifuu chake kikiwa kitupu, alikuwa na njia mbili tu: aweke kitu kingine alicho nacho, au asimame, apokee dele la kahawa mkononi mwa Mbaruku, awamiminie wote waliokaa, akianza na aliyemfunga, na kwa kila finjani aseme, "Nimefungwa, kunywa." Wengi walimimina wakicheka, na kesho yake wakamiminiwa wao. Lilikuwa jambo la muda mfupi kuliko kuvaa viatu.

Hija hakupata kulifanya hata siku moja.

Sababu yake hakuna aliyemuuliza, kwa maana wazee waliijua. Baba yake, Rajabu, alikuwa mtumwa katika nyumba ya tajiri mmoja, na kazi yake miaka yote ilikuwa kusimama barazani na dele mkononi, akiwamiminia wageni. Aliachwa huru mvi zimekwisha kumwenea. Hija alikua akimtazama baba yake amesimama na wengine wamekaa, akajiapia moyoni kwamba mkono wake hautashika dele mbele za watu. Basi kila kifuu chake kilipokwisha, aliweka kitu kingine. Mwaka mmoja aliweka mkeka mpya, ukaenda. Mwaka mwingine aliweka mbuzi wa akika ya mwanawe wa mwisho, akaenda. Na mwaka juzi, akiwa na ree na seti mkononi, aliweka mlango wa nyumba.

Aliyemfunga alikuja asubuhi na wenzake, wakaung'oa. Masika yote, Hija na watu wake walilala nyuma ya jamvi lililotundikwa, na mvua ikiingia bila hodi. Mkewe, Mardhiya, hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, huku akikamua maji kwenye jamvi.

"Baba Dija, mlango umekwisha kuuweka. Siku utakayoweka kitu kingine cha nyumba hii, nami nitapita hapo hapo palipokuwa na mlango, niende zangu Pangani kwa kaka zangu. Wala hutasikia kitasa."

Hija alimjua mkewe. Mardhiya hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa imetosha.

Ikafika Jumanne moja ya mfungo nne. Ijumaa yake Dija, binti yao mkubwa, alikuwa anaolewa. Nyumba ilikuwa imejaa mashangazi na harufu ya liwa. Kisutu cha bibi arusi, kile chekundu cha kujifunika siku yake, kilikuwa dukani kwa Mhindi, na Mardhiya alikwisha kukilipia kwa mikeka saba aliyoisuka usiku na mchana tangu mvua za vuli. Alimwita mumewe uani.

"Kisutu kiko tayari. Kakichukue."

"Mimi? Si umtume shangazi Ashatu?"

"Ningeweza kumtuma shangazi Ashatu," alisema Mardhiya. "Nakutuma wewe."

Hija alikipokea kisutu dukani, kimekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya ukindu, akakitia kwapani. Njia ya kurudi nyumbani ilipita nyuma ya soko. Kulikuwa na njia nyingine, ndefu kidogo. Hija aliifikiria ile nyingine wakati amekwisha kufika barazani.

"Masalkheri, Bwana Mlango!" Huyo alikuwa Bwanaheri, yule aliyeushinda mlango, kirangozi wa misafara, mtu wa rika lake, aliyerudi juzi kutoka bara na ulimi uliopata makali njiani.

"Masalkheri, sahibu. Bado hujafa huko Ugogo?"

"Nikifa, nani atakufunga? Kaa, bwana. Nimetembea miezi saba nikicheza na watu wanaojua karata. Nimekukumbuka."

Watu wakacheka. Hija naye akacheka, akamgeukia mwenye baraza. "Shikamoo, mzee Mbaruku."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kwapani ni nini?"

"Kisutu cha Dija. Ijumaa tunaozesha, inshallah."

"Mashallah. Basi kipeleke kwanza, kisha uje."

"Nakaa michezo mitatu tu."

"Mitatu," alisema Mbaruku, kwa sauti ambayo mtu humjibia mtoto anayeahidi kutolia.

Kifuu cha Hija kilikuwa na vipande ishirini, na kila mchezo waliweka vitano vitano. Alishinda wa kwanza. Alishindwa wa pili, na wa tatu, na wa nne. Ile ahadi ya mitatu ilipita hapo kama mtu asiyejulikana. Akashindwa wa tano na wa sita, kifuu kikabaki na vumbi. Wakati wote huo kisutu kilikuwa pajani mwake, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu yake bila yeye mwenyewe kuuambia.

Bwanaheri alichanganya karata, akagawa tatu tatu, akageuza ya turufu. Ilikuwa kopa.

"Haya, Bwana Mlango. Kifuu kimelia. Utaweka au utamimina?"

Hija aliinua ncha za karata zake. Ree ya kopa. Seti ya kopa. Mzungu wa nne wa kopa.

Alizishusha polepole. Katika maisha yake yote ya kucheza hakupata kuona turufu tatu kubwa zimekuja kwa pamoja mkononi mwake. Zilikuwa hesabu ishirini na tano kabla hata ya kuanza. Damu ilimpanda masikioni, akasikia sauti ya Bwanaheri kana kwamba inatoka ng'ambo ya ukuta.

"Weka hicho kisutu, sahibu. Mimi naweka kifuu changu chote, na nakuwekea na mlango wako. Uko kwangu bado, sijautundika. Mchezo mmoja tu. Unarudi nyumbani na kisutu begani na mlango kichwani, mama Dija anakupigia vigelegele. Nimesema uongo, jamaa?"

"Hukusema uongo," waliitika barazani.

Mlango! Hija aliuona mlango ule, na misumari yake, na mahali mwanawe alipouchora kwa mkaa. Alizifumbata zile karata tatu kiganjani. Alikuwa karibu kusema "nimeweka". Neno lilikwisha kufika mdomoni. Ila mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka ishirini na miwili. Ulifumbata, ukangoja. Alihisi karata zimeshikamana na ngozi yake kwa jasho, zimeganda, hazitaki kuachia.

Zinanata, alijiambia Hija.

Akakumbuka kwamba siku ya mlango pia alikuwa na ree na seti. Zilimng'aria vile vile.

Alizitua karata kwenye jamvi, zimeinama kifudifudi, moja juu ya nyingine. Akakitia kisutu kwapani, akasimama.

"Mzee Mbaruku," alisema, "nipe dele."

Mtu aliyekuwa akipuliza kahawa yake aliacha midomo imechongoka. Mbaruku alimtazama Hija, kisha akalitazama dele, kana kwamba ndilo lililosema. Akampa kwa mikono miwili.

Kwa finjani ya kwanza, ile ya Bwanaheri, Hija aliliinamisha dele kupita kiasi. Kahawa ilipita pembeni, ikamwagika juu ya mkono wake wa kanzu, ikamuunguza. Mtu mmoja akacheka. Hija alikihamisha kisutu kwapa la pili, mbali na dele, akavuta pumzi. Ndipo alipomkumbuka baba yake, na hakumkumbuka kama alivyozoea, amesimama na wengine wamekaa. Aliukumbuka mkono wake. Rajabu alilinyanyua dele juu, karibu na sikio, akaiacha kahawa ishuke kwa uzi mmoja mwembamba mpaka ndani ya finjani ndogo, na hata tone halikuruka. Wageni waliacha mazungumzo yao wamtazame. Hilo Hija alikuwa amelisahau kwa miaka mingi: kwamba wageni waliacha mazungumzo.

Alilinyanyua dele karibu na sikio. Uzi ulishuka, mweusi, umenyooka, ukaijaza finjani mpaka ukingoni.

"Nimefungwa," alisema Hija. "Kunywa."

Akaenda kwa wa pili. "Nimefungwa, kunywa." Kwa wa tatu. Alipofika kwa wa nne, sauti yake haikuwa tena ya mtu anayekiri. Ilikuwa ya mwenye nyumba anayekaribisha. Hakuna aliyecheka. Mzee Mbaruku, aliyeuza kahawa tangu Hija hajatahiriwa, alipokea yake ya mwisho akasema taratibu, "Marehemu Rajabu! Nilidhani mkono ule umekwenda naye."

Wakati huo Bwanaheri alikuwa akikusanya karata. Kwa udadisi, akazifunua tatu za Hija. Finjani ikamponyoka.

"Hija! Zilikuwa zako hizi?"

"Zilikuwa zangu."

"Jamaa, njooni mwone mwendawazimu! Ree, seti, mzungu wa nne, zote kopa, na turufu ni kopa! Amezilaza! Amesimama kutumiminia!"

Hapo baraza ilipasuka. Waliinuka kuzitazama, wakashika vichwa, wakapigana mabega. Mmoja alisema hajapata kuona mjinga wa kiasi hicho tangu Kaole hadi Winde.

"Ungenifunga mbele na nyuma, bwana!" Bwanaheri alikuwa kama mwenye kuona uchungu. "Ungeupata mlango wako!"

"Labda."

"Labda? Na karata hizi unasema labda?"

"Kahawa imemwagika, sahibu. Lete finjani nikumiminie nyingine." Akammiminia. Kisha akamrudishia Mbaruku dele lake, akaaga, akaondoka. Hakuuliza Bwanaheri alikuwa ameshika karata gani. Alipofika pembeni mwa soko, hamu ya kuuliza ilimvuta kanzu kwa nyuma, lakini hakugeuka.

Njiani alifanya kama afanyavyo kazini: aliimwaga michezo yote mbele yake akaanza kuichagua. Wa pili alikuwa ameutupa mwenyewe, kwa kuanza na seti ya shupaza hali ree yake haijatoka. Hilo kosa la mwanafunzi. Wa tatu hakuwa na la kujilaumu, karata zilikuwa takataka. Wa nne aliucheza vizuri kuliko yote, akashindwa hamsini na tisa kwa sitini na moja, na alipokuwa akipita karibu na kisima aliurudia tena moyoni, karata kwa karata, asione mahali ambapo angefanya vingine. Alishangaa kwamba kushindwa kule hakukumuuma. Wa tano ndio uliomtia haya. Aliucheza kwa hasira, akakata kwa turufu kubwa karata isiyo na hesabu yoyote, ili tu Bwanaheri asiile. Na wa sita ulikuwa mtoto wa huo wa tano.

Ukabaki ule wa saba, usiochezwa. Huo alikaa nao muda mrefu. Huenda angeshinda. Aliyapima mawazo hayo kwa haki, bila kujidanganya: ndiyo, yamkini angeshinda. Angerudi na mlango kichwani kweli. Na mwezi ujao, kifuu kikilia tena, angekumbuka kwamba kisutu kiliwahi kuwekwa na nyumba haikuanguka, naye angeweka kingine. Na Mardhiya angejua, maana mlango hauwezi kuingia nyumbani bila kueleza ulikotoka. Kila mchezo aliushinda au kushindwa mbele ya Bwanaheri. Ule wa saba alikuwa amecheza na mtu mwingine kabisa, mtu aliyemfunga miaka yote, na leo kwa mara ya kwanza amemwacha kwenye jamvi.

Alijikuta anatembea kama bwana arusi. Alimsalimu mtu asiyemjua. Mkono wa kanzu ulikuwa bado na umajimaji, na harufu ya kahawa na tangawizi ilimfuata mpaka mtaani kwake.

Mardhiya alikuwa amesimama mahali pa mlango, ameshika pindo la jamvi. Macho yake yalikwenda kwanza kwapani mwa mumewe, yakakiona kisutu. Hayakutulia hapo. Yalishuka hadi kwenye mkono wa kanzu.

"Umechelewa."

"Nimechelewa, mama Dija."

"Ulipitia kwa Mbaruku."

"Nilipitia."

"Ulicheza."

"Nilicheza. Kifuu kimekwisha chote."

Ndani ya nyumba mashangazi walikuwa wakiimba, wakatulia. Mardhiya alivuta pumzi. "Na hilo doa? Amekumwagia nani?"

"Hakuna aliyenimwagia. Nilikuwa namimina."

Mardhiya aliushika ule mkono wa kanzu, akaunusa, kama mtu asiyeamini macho. Kisha akakichukua kisutu, akafungua kamba, akakikunjua pale pale kizingitini, akakitazama upande huu na upande huu. Hakikuwa na doa hata moja. Alimtazama mumewe kwa kitambo, na Hija akaona midomo yake inacheza, asijue kama ni kicheko au ni kilio.

"Wangapi?" aliuliza.

"Watu tisa. Wote wamekunywa."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wa baba yangu."

Mardhiya alikitupa kisutu begani, akainua uso, akapiga kigelegele kirefu kilichosikika hadi nyumba ya saba. Shangazi Ashatu alitoka mbio na liwa mkononi.

"Kuna nini, jamani? Bwana arusi amekuja?"

"Baba Dija!" alisema Mardhiya, machozi yakimtiririka na meno yote nje. "Baba Dija kafungwa karata!"

Shangazi Ashatu hakuelewa hata kidogo. Lakini alikuwa mtu wa shughuli, na kigelegele hakiachwi peke yake. Aliitikia kwa sauti yake yote, na wa ndani wakaitikia, na Dija naye, aliyekatazwa kutoa sauti mpaka Ijumaa, akaitikia. Na Hija bin Rajabu, aliyefungwa michezo mitano kwa mmoja, akainua pindo la jamvi akaingia nyumbani mwake.